Motokari ya Baba: Kutu ya Ngozi na Kutu ya Mfupa



Katika nyumba nyingi za Bukavu kuna kitu kimoja kikubwa ambacho baba aliacha na hakuna anayejua la kukifanya. Kwa wengine ni nyumba isiyomalizika kule kijijini. Kwa wengine ni mashine ya kusaga iliyonyamaza. Kwetu sisi ilikuwa motokari: Peugeot 504 nyeupe, ya mwaka 1979, ambayo marehemu baba, muuguzi, aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Alipofariki ikabaki uani chini ya mti wa avoka. Ikakaa pale miaka minane.

Wamama kadhaa wa kundi letu wameniomba niandike jinsi tulivyoamua juu ya hiyo motokari, kwa sababu nao wana ya kwao, au wana mume anayetaka kununua ya zamani kwa bei ndogo. Mimi si fundi. Ni mwalimu wa kemia na biolojia, niliyesoma ISP. Lakini kutu ni jambo la kemia, na pesa ya mama ni jambo la kila mtoto wake, kwa hiyo nilijifunza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama anauza sambaza tangu mimi nikiwa mdogo. Zamu yake ya likelemba ilipofika, alipokea dola 900. Ilikuwa zamu kubwa ambayo alikuwa ameingojea karibu mwaka mzima. Yaya wangu akasema: tutengeneze motokari ya Baba, niiendeshe kama teksi, kila jioni nilete pesa nyumbani. Mdogo wangu wa kike akasema: tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, tulipe masomo ya watoto wawili wa dada yetu marehemu. Mama alinyamaza. Sote tulijua moyo wake uko wapi. Katika motokari ile alipelekwa kujifungua mara tatu, na mojawapo ya hizo mara tatu ni mimi.

Siku mbili baadaye akaniita: "Mwanangu, weye uko mwalimu. Utusomee hiki chuma, utuambie kinasema nini."

Gari lisilo na shasi

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba motokari zote hazikujengwa namna moja. Tazameni lori, au jeep ya Land Cruiser inayopanda barabara zetu za milima. Chini yake kuna shasi, yaani mihimili miwili mikubwa ya chuma kutoka mbele hadi nyuma. Moteri, magurudumu na bodi, vyote vimefungwa juu ya shasi hiyo. Bodi ikiliwa na kutu, unaweza kuivua kama nguo na kuvalisha nyingine, na shasi inabaki imesimama.

Peugeot 504 haiko hivyo. Haina shasi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo shasi. Sakafu, masanduku marefu yaliyo chini ya milango, nguzo za milango, paa na kuta za mbele zinazozunguka moteri, vyote ni mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa hata yakawa kitu kimoja kigumu. Wafaransa wanaita namna hiyo monokoki. Si uzushi wa jana. Kampuni ya Lancia ya Italia ilionyesha gari la namna hiyo mwaka 1922, Citroën ikatoa lake mwaka 1934, na Peugeot ikaanza na 203 mwaka 1948. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikapewa zawadi ya gari la mwaka la Ulaya. Hata Toyota ndogo zinazofanya teksi hapa mjini leo zimejengwa hivyo hivyo.

Naweza kuwapa mfano wa sanduku la karatasi ngumu. Karatasi peke yake inajikunja mkononi. Ukiikunja ikawa sanduku na kulifunga vizuri, mtoto anaweza kulikalia. Lakini sanduku likilowa pembeni moja tu, linaporomoka lote, hata kama pande nyingine bado ni kavu. Kwa hiyo, katika motokari ya namna hii, swali la kwanza ni kutu iko wapi. Wingi wake unakuja baadaye.

Kutu ni nini

Darasani tunafanya jaribio ambalo mama yeyote anaweza kulifanya nyumbani na watoto. Chukua misumari minne mipya na glasi nne. Wa kwanza uuweke katika glasi kavu, uifunike vizuri. Wa pili utie katika maji yaliyochemshwa sana, kisha umimine mafuta kidogo juu yake ili hewa isiingie. Wa tatu utie katika maji ya kawaida, glasi ikiwa wazi. Wa nne utie katika maji ya chumvi. Baada ya juma moja, wa kwanza na wa pili bado unang'aa au karibu. Wa tatu una kutu. Wa nne mara nyingi una kutu zaidi.

Watoto wanajifunza hivi: chuma kinahitaji maji na hewa pamoja ili kishike kutu, na chumvi inaharakisha kazi. Ndiyo sababu motokari nyingi zilizoishi Ulaya hufika zikiwa zimeliwa chini, maana kule hutia chumvi barabarani wakati wa theluji. Huku kwetu chumvi haipo barabarani, na maji ya Ziwa Kivu si ya chumvi. Lakini tuna mvua kutoka Septemba hadi Mei, tuna tope linaloshika chini ya gari kama simiti, na tuna miti.

Jambo jingine: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Mabati mawili yaliyoshikana yakiingiwa na maji katikati, kutu inavimba, inayasukuma yaachane, halafu maji mengi zaidi yanaingia. Tena inafanya kazi ndani ya masanduku yaliyofungwa, mahali jicho halifiki. Unapoona rangi imevimba kwa nje kama lengelenge, tambua kwamba ndani imekwisha kula siku nyingi. Malengelenge ni barua ya mwisho, zile za kwanza hukuzipata.

Mafundi wawili

Fundi wa kwanza aliletwa na yaya. Alizunguka motokari mara moja, akapiga paa kwa kiganja, akasema: "Mama, hii iko nguvu bado. Hizi za zamani ni chuma ya kweli." Akaomba dola 450: mastiki, rangi, betri, kusafisha moteri. Kazi ya majuma mawili. Yaya alifurahi sana. Nilimwuliza fundi kama angependa tuinue motokari aangalie chini. Akajibu kwamba chini hakuna mtu anayeangalia.

Neno hilo lilimkaa mama tumboni. Akasema tuite mwingine. Tukamwita mzee mmoja wa kule Kadutu ambaye kazi yake maisha yote ni bodi na sudire. Aliomba dola 10 za kuchunguza tu, akasema: "Mama, hizi dola 10 unanilipa hata nikikuambia usitengeneze. Ukimlipa fundi kwa kazi peke yake, lazima aone kazi." Alikuja Jumamosi asubuhi na mfuko mdogo: sumaku, turnevisi, nyundo ndogo, taa, kriki, magogo mawili ya mbao ngumu, kamba na chaki. Mimi nilishika daftari. Aliniambia nigawe ukurasa kwa safu tatu: ngozi, nyama, mfupa.

Ngozi ni mabati ya nje yasiyobeba kitu: milango, boneti, mabawa ya mbele yanayofungwa kwa skurubu. Hayo yakioza, unatafuta mengine kwenye motokari iliyokufa. Nyama ni sakafu na kuta ndogo: yanakatwa na kuwekwa kipande kipya, kazi ya kawaida kwa fundi mwema. Mfupa ni sehemu zinazobeba uzito na kushika magurudumu mahali pake. Hukumu inatoka hapo.

Alivyochunguza

Alianza kwa kusimama mbali. Alichuchumaa upande wa kushoto akatazama nafasi kati ya mlango na bodi. Katika motokari nzima, nafasi hiyo ni sawa juu na chini. Kwetu, kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, juu kidole kilipita na chini karatasi haikupita. Hakusema kitu. Aliniambia tu niandike.

Akaifunga sumaku katika kitambaa chembamba ili isikwangue rangi, akaipitisha polepole bodi nzima. Penye chuma ilishika. Penye mastiki ilianguka. Kwenye sanduku la chini ya milango ya kushoto ilianguka mara tano. Hapo tulijua kwamba hata kabla ya sisi kuzaliwa kuna mtu aliwahi kufunika shimo kwa mastiki na kupaka rangi juu yake.

Akatoa viti na mazulia. Zulia la mbele lilikuwa limelowa ingawa mvua haikunyesha siku tatu. Chini yake palikuwa na shimo la ukubwa wa sahani, na nikaona udongo wa uani kwetu. Nilishtuka. Yeye akasema: "Hii si kitu, Mwalimu. Hii ni nyama. Andika safu ya pili." Lakini alitaka kujua maji yametoka wapi. Alifungua boneti, akatia mkono chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo maji ya mvua yanapaswa kushuka na kutoka kwa njia yake. Akavuta majani ya avoka yaliyooza, konzi kwa konzi, meusi kama kinyesi cha kuku. Njia ilikuwa imezibwa. Miaka minane maji yalikuwa yanaingia ndani badala ya kushuka nje.

Kisha akachukua turnevisi. Kwanza alipiga kwa upande wa mpini, kama vile sisi tunavyogonga tikiti maji. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, bila mlio. Pale sauti ilipokuwa nzito alisukuma kwa ncha, bila nyundo, kwa nguvu ya mkono tu. Kwenye sanduku la kulia ncha ilikwama. Kwenye la kushoto iliingia yote.

Baada ya hapo kriki. Alizuia magurudumu kwa mawe, akawaambia watoto waondoke uani, akaiweka kriki kushoto mahali palipotengenezwa kwa ajili yake. Akazungusha. Kriki ilipanda, motokari haikupanda. Bati lilikunjika juu ya kriki kama majani makavu. Akahamia kulia. Huko motokari iliinuka, akaweka magogo chini yake, maana hakuna mtu wa kuingia chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake, na hilo naomba mliambie kila mtoto wa kiume nyumbani. Ikiwa imeinuliwa hivyo, alijaribu kufungua mlango ambao dakika tano zilizopita ulifunguka vizuri. Haukufunguka. Bodi ilikuwa imejipinda kwa uzito wake yenyewe.

"Umeona?" akamwambia yaya, kwa upole. "Sanduku limelowa."

Zilibaki sehemu mbili. Mbele, chini ya boneti, kila upande kuna mahali pa juu ambapo springi na amotiseri vinafungwa kwenye bodi. Uzito wote wa mbele unaegemea pale, na kila shimo la barabara linapiga pale. Upande wa kulia ulilia vizuri. Upande wa kushoto alichokoa, na magamba ya kutu yakatoka moja juu ya jingine kama maganda ya kitunguu. Alipofika mwisho wa magamba, taa iliyokuwa chini ikaonekana kwa juu.

Nyuma, mahali ambapo mhimili wa magurudumu ya nyuma unafungwa kwenye bodi, palikuwa na kutu ya juu tu. Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Mwishowe aliiteremsha motokari mahali penye usawa, akachukua kamba na chaki, akapima kwa kukingama: kutoka alama moja ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vinapaswa kuwa sawa, au kutofautiana kwa milimita chache. Kwetu palikuwa na tofauti ya sentimita mbili na nusu.

Kwa nini isifunikwe tu?

Yaya aliuliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo: si tuweke bati jipya juu ya lile bovu, tuchomelee pande zote, tumalize?

Mzee alieleza mambo matatu. La kwanza, chuma kilichooza hakishiki sudire. Bati jipya likichomelewa kwenye bovu, linakuwa limefungwa kwenye hewa. Lazima ukate hadi ufike kwenye chuma safi, na mara nyingi unakata mara mbili ya ulivyoona kwa macho. Swali kubwa la fundi ni hili: nikimaliza kukata, je, kitabaki chuma safi cha kushikia? La pili, bati juu ya bati linatega maji katikati, na kutu inaendelea chini yake ikiwa imefichwa vizuri zaidi kuliko mwanzo. La tatu, ukikata mfupa wa motokari ya namna hii bila kuiegemeza, inajikunja. Inabidi kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia kati ya nguzo za milango, kufanya upande mmoja kwanza ndipo mwingine, na kupima kwa kamba kila siku. Na bati lenyewe ni jembamba, milimita moja au chini ya hapo. Fundi aliyezoea mageti ya nyumba analitoboa kwa moto badala ya kuliunganisha. Tena tangi la mafuta linapaswa kutolewa kabisa na betri kufunguliwa kabla cheche ya kwanza haijaruka. Ukimwona fundi anachomelea karibu na tangi lililojaa, chukua watoto, ondoka.

Kwa hiyo ile kazi ya dola 450 ingetupa motokari ya kupendeza. Ingepakwa rangi, ingeng'aa, watu wangeipanda. Na siku moja kwenye mteremko, imebeba abiria sita, ile sehemu ya mbele kushoto ingeachia. Katika gonganisho sanduku la kushoto lisingezuia chochote. Ingekuwa ni mastiki kati ya mtoto wa mtu na lori.

Daftari

Jioni tulikaa na mama, nikasoma safu tatu. Ngozi: mambo mengi, yote madogo. Nyama: sakafu ya mbele na ya nyuma, inapona. Mfupa: sanduku la kushoto lote, sehemu ya mbele kushoto ya kushikia springi, na bodi imekwisha kupinda.

Mzee hakusema kwamba haiwezekani. Alisema kila kitu kinawezekana ukiwa na pesa na chuma kizima cha motokari nyingine ya kukata vipande. Hesabu yake ilikuwa dola 1,400 kwa bodi peke yake, majuma yasiyopungua sita umeme ukikubali, na hapo bado hatujagusa breki, matairi wala karatasi. Tena alisema wazi kwamba hata baada ya hapo yeye mwenyewe asingekubali ifanye teksi, kwa sababu motokari iliyopinda kiasi hicho hairudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani bila vifaa ambavyo yeye hana. Ingefaa kwa mtu anayeipenda na kuiendesha polepole siku ya Jumapili. Kwa mtu huyo, alisema, angefanya kazi kwa furaha.

Msidhani kila mara anatoa hukumu ya namna hiyo. Mwezi ule ule alitengeneza Toyota ya jirani yetu ambayo kwa macho ilikuwa mbaya kuliko yetu: sakafu ilikuwa na mashimo manne, milango miwili ilikuwa imeliwa chini, boneti ilikuwa nyekundu yote kwa kutu. Lakini masanduku yalilia, kriki iliinua pande zote, milango ilifunguka motokari ikiwa juu, na kamba ilitoa vipimo sawa. Siku tisa ikatoka. Inafanya kazi hadi leo. Yetu ilikuwa nyeupe na nzuri kwa mbali.

Mama aliuliza swali moja: "Hayo maji yaliingia kwa sababu ya nini?" Nikamwambia, ni majani. Kisha mzee alikuwa ameongeza neno juu ya ile bashi ya plastiki. Mama alikuwa ameifunika motokari kwa bashi nzito hadi chini, ameikaza kwa mawe, kila mwaka akibadilisha ikichanika. Bashi iliyofika chini inashika unyevu wa ardhi na kuufungia ndani pamoja na chuma. Nilimweleza hilo kwa sauti ndogo. Alitikisa kichwa, akakaa kimya muda mrefu. Hakuna mtoto aliyesema neno.

Halafu akasema kitu ambacho sikukisoma ISP. Alisema: "Kikapu cha samaki kikitoboka ubavuni, ninakishona. Mdomo ukichakaa, ninaufunga kwa kamba. Kikioza kitako, sitii samaki wa watu ndani yake." Akanyanyuka kwenda kuangalia moto. Jambo lilikuwa limekwisha.

Tuliuza kwa vipande badala ya kuuza kwa kilo. Hilo pia lilikuwa shauri la mzee. Moteri na giaboksi vilikuwa vizima, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa kubadilisha mafuta kwa wakati. Vioo, taa, milango ya kulia, vyote vilipata wenyewe. Bodi iliyobaki ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma. Jumla ilikuwa dola 610. Watoto wa marehemu dada walilipiwa mwaka mzima. Zile dola 900 mama hakuzigusa kwa motokari. Aliongeza mtaji wa sambaza, na nyingine akaweka. Kiti cha nyuma alikataa kukiuza. Kiko barazani kwake, na wageni wanakikalia. Yaya alikasirika miezi miwili. Sasa anaendesha teksi ya mtu mwingine, anatoa hesabu kila jioni, na kabla ya kuikubali aliomba kwanza kuweka kriki.

Mambo ya kushika

Kama nyumbani kwenu kuna motokari ya zamani, au mume anataka kutoa pesa ya jamaa kununua moja, ulizeni haya kabla ya pesa kutoka mkononi:

Je, ina shasi ya pekee, au bodi ndiyo shasi? Kama bodi ndiyo shasi, angalieni mifupa kabla ya rangi.

Je, milango yote inafunguka na kufunga vizuri ikiwa chini, na pia ikiwa imeinuliwa kwa kriki?

Je, sumaku inashika kwenye masanduku ya chini ya milango? Fundi anayekataa sumaku amekwisha kujibu.

Je, mahali pa kushikia springi, mbele na nyuma, pande zote nne, pamegongwa na kusikilizwa?

Je, zulia limeinuliwa? Kama chini yake kumelowa, tafuteni maji yanatoka wapi kwanza. Kuziba sakafu bila kuziba njia ya maji ni kupoteza pesa mara mbili.

Je, fundi aliyechunguza analipwa sawasawa hata akisema hapana?

Na kwa wenye motokari inayotembea: ondoeni majani chini ya kioo cha mbele kila juma wakati wa mvua. Matundu madogo yaliyo chini ya milango yamewekwa kwa makusudi ili maji yatoke, basi msiyazibe kwa rangi wala kwa mastiki. Osheni tope la chini, hasa nyuma ya magurudumu. Ikikaa muda mrefu, iwekeni chini ya paa la mabati lenye hewa, juu ya mawe au simiti. Kama hakuna paa, bashi iishie juu ya magurudumu, hewa ipite.

Wale wanaotaka kufanya lile jaribio la misumari na watoto, leteni glasi na misumari kwenye kikao kijacho. Chumvi na mafuta nitaleta mimi. Na kama kuna mama ambaye motokari ya mumewe iko uani na moyo wake hauko tayari, aje tu asikilize. Sumaku ninayo.